Ng'ombe Aliyenyimwa Ngitili

Paukwa?

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa majani, na ng'ombe wa kuyala.

Hapo zamani za kale, huko Usukumani, aliishi mwanamke aitwaye Holo. Marehemu baba yake alimwachia ng'ombe mmoja, jina lake Madoa. Mmoja tu, wanangu.

Madoa hakuzaa. Mwaka wa kwanza, hola. Wa pili, hola. Wa tatu, mumewe Holo, Lushinge, akachoka.

"Mke wangu," akasema, "mavuno yajayo yakiingia Madoa hana mimba, namchinja."

Holo hakulala. Kulipokucha akaenda kwa mganga. Na mganga mwenyewe nani? Fisi! Mnacheka, lakini mfa maji hukamata maji.

Fisi akasema, "Fahali wenu ana mkosi, mbadilisheni." Wakambadilisha. Hola.

Fisi akasema, "Mfunge Madoa hirizi." Akamfunga. Hola.

Mara ya tatu Fisi akameza mate. "Mfungie zizini, jicho baya lisimwone. Akianguka, niite."

Kilikuwa kiangazi. Holo akamfungia. Siku ya tatu akamkuta Yangeyange, yule ndege mweupe rafiki wa ng'ombe, amesimama mgongoni mwa Madoa kwa mguu mmoja.

"Holo," akasema Yangeyange, "zamani nilikaa hapa kama mkekani. Leo mifupa inanichoma nyayo. Unamdai ndama, umempa nini? Mkono mtupu haulambwi."

Holo akaona haya, maana jibu alilijua. Pale kwao Lushinge alikuwa na ngitili, majani yaliyofungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Na sheria ya ngitili ilikuwa moja: wanaingia ng'ombe waliozaa tu. Tasa walipelekwa mbugani, kulamba vumbi.

Akamwendea mumewe. "Baba Ng'wasi, Madoa hazai kwa sababu halishwi. Halishwi kwa sababu hazai. Sasa aanzie wapi?"

Lushinge akakuna kichwa.

"Mwingize," akasema. "Lakini neno langu la mavuno liko palepale."

Madoa akaingia ngitili. Akala, akalala, akaamka akala. Mbavu zikajificha, manyoya yakang'aa. Mvua za kwanza ziliponyesha, akamtafuta fahali mwenyewe, bila hirizi.

Mavuno yakaingia. Fisi akaja mapema, na kapu lake. Lushinge akashika kisu kwa mkono mmoja, mwingine akauweka ubavuni mwa Madoa.

Mara akashusha kisu. Kitu kilimpiga teke kiganjani.

"Mama Ng'wasi," akasema taratibu, "humu ndani kuna mwenyewe."

Holo akaketi pale pale kwenye samadi, akacheka huku analia. Moyo wake ulitua. Lushinge akageuka amlipe mganga kwa fimbo, lakini Fisi alishatimka, kapu limebaki. Kapu lile Holo alimbebea Madoa majani mpaka siku aliyozaa.

Tangu hapo sheria ya ngitili ikabadilika: aliyekonda ndiye anayetangulia.

Basi, wanangu, ng'ombe huanza kuzaa kwa mdomo. Ukitaka ndama, tazama kwanza anakula nini mama yake.

Ngano yangu nimeifungia ngitili. Atakayeona njaa, aifungue.