Koo Moja, Walimu Watatu

Sogeeni. Hadithi hii ina walimu watatu, ufunguo mmoja na koo moja, na nikimaliza sitaki mtu aniambie "inategemea."

Kwenye kwaya moja kule Rungwe, ambako mvua haiulizi mwezi, walikuwepo walimu watatu wa sauti. Gwakisa alijua pumzi. Mama Ndimbumi alijua sikio. Ambakisye alijua koo lenyewe: ukimwamkia tu, anakwambia ulilalaje na unaumwa wapi. Akaja kwao Atuganile, binti wa miaka kumi na minane, ana kisauti chembamba na mdogo wake mkononi, Tusekile. Mama yao alikuwa ameshafariki. Ndugu mwingine hawakuwa naye.

Gwakisa alimlaza chali sakafuni, akamwekea jiwe la kusagia tumboni. "Liinue kwa pumzi. Mabega yaache, mabega hayaimbi." Miezi mitano. Jiwe likapanda na kushuka taratibu, na binti akaimba ubeti mzima bila kukatika.

Mama Ndimbumi alimgeuza uso ukutani, akampigia noti moja kwenye kinanda, akamkataza kufungua mdomo mpaka aisikie kichwani. "Unaimba kabla hujasikia. Wewe nani, redio?" Miezi mitano. Kwaya nzima ikiteleza, yeye hatelezi.

Ambakisye alimtaka aimbe mdomo umefungwa, mmm, vidole viwili kooni. "Hapo panapotetemeka ndipo kwako. Ukipotea, rudi hapo." Miezi mitano. Sauti ikaingia utamu, wapita njia wakawa wanasimama mvuani kusikiliza.

Sasa, kwaya ile ilikuwa na desturi yake: mlango mmoja, mwalimu mmoja. Mwimbaji wao akishinda mashindano ya wilaya, humkabidhi kwa mkono wake ufunguo wa chumba cha mazoezi mwalimu aliyemjenga. Huyo ndiye atakayefundisha watoto wote, peke yake, miaka kumi. Wote watatu waliutaka ufunguo huo.

Wiki mbili kabla ya mashindano, Atuganile aliamka sauti inakwaruza.

Gwakisa alisema, "Huo uvivu wa pumzi. Sukuma!" Na aliamini anachosema, naye alifundishwa hivyohivyo. Binti akasukuma.

Mama Ndimbumi alisikia. Sikio lile lingekosaje? Aliisikia noti ya juu ikichanika, akajua, akapandisha wimbo nusu sauti, kwa sababu juu ndiko majaji wanakoamkia. "Vumilia, mwanangu. Ukishinda utapumzika mwaka mzima." Binti akapanda.

Ambakisye alimvuta pembeni varandani. "Nyamaza kabisa, binti. Ukiendelea, koo hili linakufa."

"Basi waambie wenzako, mwalimu. Mimi hawanisikii."

Ambakisye akatazama viatu vyake. "Nikiwaambia watasema nawaonea wivu. Amua mwenyewe, we si mtu mzima?"

Mtu mzima! Yatima wa miaka kumi na tisa, kati ya watu watatu waliomzidi umri mara mbili, ndiye aitwe mtu mzima siku ya kubeba lawama.

Akaimba. Akashinda. Kwenye mstari wa mwisho kitu kilikatika ndani ya shingo yake, na watu wakadhani ni uchungu wa wimbo, wakasimama wakapiga makofi. Daktari akasema nyuzi za sauti zimechanika na zitapona na kovu. Kunong'ona ataweza. Kuimba, basi.

Siku ya kukabidhi ufunguo, ukumbi ulijaa.

"Bila pumzi yangu angefika wapi huyu?" alianza Gwakisa.

"Pumzi hata baiskeli inajazwa," alijibu Mama Ndimbumi. "Majaji walisikia noti zangu."

"Walisikia utamu," alisema Ambakisye.

Mama mmoja akauliza kutoka nyuma, "Na hilo koo lililokufa, la nani?"

Vidole vikanyooka: Gwakisa kwa Ndimbumi, Ndimbumi kwa Gwakisa, Ambakisye kwao wote wawili. "Mimi nilimwonya!"

"Ulimwonya nani?" alifoka Mama Ndimbumi. "Ungenionya mimi!"

Mwenyekiti wa kwaya, Mzee Mwasomola, akagonga meza. "Desturi ni desturi. Binti asipokabidhi leo, mlango unafungwa na watoto wanarudi makwao."

Watoto walikuwa wameshapangwa mstari. Wa kwanza alikuwa Tusekile, miaka tisa, sauti yake imeanza kumzidi dada yake alivyokuwa. Akamvuta Atuganile nguo. "Dada, mpe yeyote. Mimi nataka kuimba."

Atuganile alisimama, ufunguo kiganjani, akiwatazama mmoja mmoja. Asiyejua, aliyeumiza huku anaamini anajenga, na ambaye labda hatajua kamwe. Aliyejua akauza. Aliyejua akanyamaza. Na kila mmoja wao alimpa kitu ambacho bila hicho asingeimba hata siku moja. Alifungua mdomo atamke jina, na hewa tu ikatoka.

Haya, nyie mliokaa hapa. Msiniambie angeutupa ufunguo, mmemsikia mtoto. Mlango ukifungwa naye kanyimwa. Koo la mdogo wako limesimama mbele yako, na walimu ni hawa watatu, hakuna wa nne. Je, wewe ungemkabidhi nani?