Gitaa la Kobero

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali zamani ya kaseti, palikuwa na bendi Morogoro iliyoitwa Mindu Jazz. Kiongozi wake, Kobero, alipiga gitaa la solo na kuimba, na kila Jumapili alasiri mji ulimfuata ukumbini. Wimbo wao mkubwa ulikuwa "Barua ya Kilosa". Ulipopigwa, hakuna aliyebaki kitini.

Bendi ikavunjika. Kobero akazeeka, Kobero akaugua. Siku moja akamwambia mkewe, Bi Asteria, "Gitaa hili usimpe anayelililia. Mpe atakayewainua watu vitini kwa wimbo wangu, mimi nikiwa sipo. Na umpe mmoja. Gitaa halina nusu."

Akafa. Bi Asteria akalitundika ukutani juu ya kabati la vyombo. Kila Jumamosi alilifuta vumbi, kila Jumamosi alingoja. Akangoja miaka kumi na mmoja, hata macho yakaanza kufifia, akaogopa kwamba atakufa na ahadi mkononi.

Ndipo akatokea Sikudhani, mwimbaji wa muziki wa siku hizi, ambaye hata watoto wa chekechea walimjua. Akaamua kutoa albamu ya nyimbo nane za dansi za miaka ya themanini, aziimbe upya na bendi kamili. Saba alizipata. Ya nane, "Barua ya Kilosa", hakuipata. Redioni utepe wake ulikwisha kurekodiwa kitu kingine juu yake, maana siku zile tepu zilikuwa adimu. Akaambiwa, jaribu kwa Mzee Mkude, fundi redio, nyuma ya soko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni simu, sitengenezi simu."

"Natafuta 'Barua ya Kilosa'."

Mzee Mkude akaweka bisibisi chini. Akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo mlikuwa na mchele mkavu, na ndani ya mchele, kaseti. Aliurekodi wimbo ule kutoka redioni mwaka themanini na nne, na kila masika alibadilisha mchele ili unyevu usiile.

"Wengi wameniomba, nimewanyima," akasema. "Wewe umesalimia kwanza. Chukua."

Sikudhani na bendi yake wakaisikiliza kaseti, wakajifunza kila noti. Wakafanya mazoezi katika ukumbi uleule wa zamani. Wimbo ulikuwa mwembamba, unakimbia. Wazee waliokuja kusikiliza wakapiga makofi ya adabu, wakabaki wamekaa.

Mlangoni alikuwapo Bi Zamaradi, muuza vitumbua. Ujanani alikuwa mchezaji wa dansi ambaye viatu vyake havikuwahi kumaliza mwezi. Akaacha kikaango, akaingia, akaanza hatua za wimbo ule. Moja, mbili, akajikwaa. Akaanza tena. Moja, mbili, akajikwaa.

"Binti, wimbo huu nani anaukimbiza?"

"Ndivyo ulivyo kwenye kaseti, bibi."

"Kaseti haina miguu. Hatua ya tatu hutua gitaa linapojibu. Hapa gitaa linajibu mguu wangu ungali hewani."

Wote wakamgeukia Mzee Mkude, aliyeketi miongoni mwa wazee. Mzee akajikuna shingo.

"Siku ile betri zilikuwa zimechoka," akasema. "Nilizianika juani tangu asubuhi, lakini redio kaseti ilikuwa inajikokota."

Basi kumbe. Kaseti iliyorekodiwa kwa betri chovu, ukiipiga kwa umeme hukimbia, na sauti hupanda. Fundi mzima, miaka arobaini hakugundua. Sikio lake lilikwisha kuzoea.

"Umemfanya marehemu aimbe kama kifaranga," akasema Bi Zamaradi, na mpiga ngoma akacheka hadi akaangusha fimbo.

Kisha Bi Zamaradi akacheza bila muziki. Mpiga ngoma akaifuata miguu yake, gitaa likaifuata ngoma, Sikudhani akashusha sauti, na wimbo ukarudi kwenye mwendo wake.

Jumapili ya kuzindua albamu viti vilikuwa sabini na viwili, kumi kati yake vya kuazima parokiani. Nyimbo saba zikapigwa, watu wakafurahi wamekaa. Ya nane ikaanza. Kiti kimoja kikalia, kikalia kingine, na kabla ya ubeti wa pili vyote sabini na viwili vilikuwa vitupu. Hata Bi Asteria alikuwa katikati ya ukumbi, mkoba kwapani, akicheza na kijana asiyemjua.

Wimbo ulipoisha Bi Asteria akaagiza gitaa liletwe, akawaeleza watu wasia wa Kobero.

"Nimewainua mimi," akasema Sikudhani. "Wimbo ulikuwa umekufa, nami nikautafuta. Wangekuja kumsikiliza nani? Kaseti?"

"Ungeimba nini, mwanangu, bila kaseti?" akasema Mzee Mkude. "Kila masika mchele mpya. Mke wangu aliniita mwehu."

"Na alikuona sawasawa," akasema Bi Zamaradi. "Ulikuwa na wimbo wa mbio, binti akauimba mbio, na watu wakakaa. Waliinuka miguu yangu iliposema."

"Miguu hiyo ilikuwa mlangoni miaka yote," akajibu Mzee Mkude. "Mbona haikuinua mtu?"

"Na wewe uliyewanyima watu kaseti?"

Bi Asteria akainua mkono. "Zamaradi, hatua zile unazijua kuliko nilivyopenda siku zile. Leo nashukuru." Ukumbi ukacheka, na Bi Zamaradi akacheka kuliko wote.

"Basi sema wewe, shemeji," akasema Mzee Mkude. "Wewe mwenyewe uliinuka. Uliinuliwa na nini?"

Bi Asteria akafikiri, akapapasa nyuzi.

"Sijui," akasema. "Nilijikuta nimekwisha simama."

Akaketi, gitaa mapajani. Mbele yake mikono ya mwimbaji, mikono ya fundi, mikono ya muuza vitumbua. Watu sabini na mmoja waligoma kukaa mpaka atajwe wa kupewa gitaa, na mpiga ngoma alikwisha kuinua fimbo ili wimbo urudiwe.

Nanyi mlioketi hapa mkisikiliza, msinijibu kwa kumwonea mmoja huruma. Gitaa halina nusu. Je, kati ya sauti, kaseti na miguu, nani aliwainua?