Kulia kwa Sekiete

Sogeeni, wala msinikatize, maana kesi hii nikiikumbuka damu inanichemka.

Pale Same walikuwepo ndugu watatu, watoto wa marehemu Mzee Mrutu, fundi wa ndege ndogo za rimoti. Namkunda alikuwa bingwa wa nyaya. Nakijwa alikuwa na mdomo. Akiamua kukulisha neno, unalimeza. Mrindoko? Roho ngumu, basi.

Baba yao alikufa na aibu. Siku ya mashindano, jirani yao Sekiete alijipenyeza hemani akabadilisha plagi za vimota vya mabawa: ya kulia akaichomeka kushoto, ya kushoto kulia. Mzee akaamuru kulia, ndege ikapinda kushoto, ikajibamiza kwenye goli la uwanja wa mpira. Sekiete akacheka kuliko wote: "Mzee mzima hajui kulia!" Aliyemwona akitoka hemani ni Namkunda peke yake, na nani angemwamini mtoto wa aliyeshindwa? Mzee hakurusha tena mpaka anaingia kaburini.

"Kulia atakujua yeye," watoto wakaapa.

Wakaunda ndege nyingine. Namkunda akachomeka plagi kinyume, makusudi kabisa. "Akizigeuza huyo mshenzi, atakuwa amezinyoosha."

Siku ya mashindano mengine, Nakijwa akamfuata Sekiete kwenye chai, akapayuka: "Jamani, njaa! Ndege tumeiacha hemani, sote tunakwenda kula." Sekiete akaondoka, kikombe hata hajakimaliza.

Zamu yao ikafika. Mrindoko hakuyajaribu mabawa ndege ikiwa chini, maana Sekiete angeyaona yanakwenda sawa akashtuka. Kama plagi hazikuguswa, ndege ingekufa kama ya baba. Akairusha hivyo hivyo, akapaza sauti: "Kulia!"

Ikapinda kulia.

Sekiete akaruka kitini: "Haiwezekani! Nimezigeuza kwa mkono wangu!"

Lo! Tulimzomea mpaka akalia machozi, mbele ya mjane wa Mrutu. Nami nilizomea, na sijutii hata chembe.

Jioni mama akaitoa rimoti ya marehemu. "Aichukue aliyemlipia baba yenu kisasi."

"Mtego ni wangu," akasema Namkunda.

"Bila mdomo wangu, dada, mtego wako ndio ungetuangusha!" akasema Nakijwa.

"Na nani alikubali kurusha bila kujua?" akauliza Mrindoko.

Tangu hapo hawasalimiani. Mama bado ameishika rimoti, na Sekiete, nasikia, ameanza tena kucheka.

Haya, semeni upesi: ingekuwa ninyi, mngempa nani?