Amri Iliyotangazwa Gulioni

Ndugu zangu, wakuu wa idara na wakuu wa mashirika, mmeniomba mimi mtu wa kanisani niseme neno kabla hamjaingia kwenye siku ya mwisho ya mafunzo yenu. Nasikia mmekaa wiki nzima mkijifunza namna ya kuongoza ili afya imfikie kila mtu, wa mjini na wa shamba, mwenye nacho na asiye nacho. Katika hayo sina la kuwafundisha. Nina mfano tu. Watu wake nitawapa majina, msije mkanipotea njiani.

Palikuwa na mganga mkuu wa wilaya moja, tumwite Dakta Senkondo. Wilaya yake ilikuwa na milima yenye migomba na maji, na chini ya milima kuna tambarare kavu, watu wanalima vitunguu kwa maji ya mfereji. Senkondo hakuwa mtu mbaya. Nataka mlishike hilo mapema, maana tukisikia mfano tunapenda kumtafuta mtu mbaya tumtupie lawama, kisha turudi nyumbani tumepona. Huyu alikuwa mtu wa kazi. Alikuwa akifika zahanati bila taarifa, anavua koti, anakaa na manesi kupima wagonjwa.

Akaona jambo lililomsumbua. Wajawazito walikuja kliniki peke yao, na waume zao hawakujua lolote. Mama akizidiwa nyumbani, baba hajui dalili ya hatari, hajaweka nauli, hata damu yake hajapima. Dakta akawaza, akatoa amri: kuanzia sasa, mjamzito anayekuja kliniki mara ya kwanza aje na mumewe. Asiyekuja naye arudi akamlete.

Je, hiyo ni amri mbaya? Wengi wenu mngeipigia makofi, na kweli ilipigiwa makofi. Kulikuwa na mama mmoja, Mama Eliaika, mkurugenzi wa shirika la kuhudumia wazazi, ambaye aliifurahia kuliko wote. Akachapisha mabango yenye picha ya baba amemshika mama mkono, akayatundika kwenye milango ya zahanati. Haukupita muda, taarifa zikasema kila mama aliyeandikishwa kliniki katika wilaya ile amekuja na mumewe. Kila mama. Wageni wakaanza kuja kutoka wilaya nyingine kuiga.

Ni tambarare tu iliyoharibu sifa. Huko wanawake walizidi kujifungulia nyumbani, na wengine wakafa. Jambo hilo lilipotajwa mkutanoni, jibu lilikuwa lile lile: watu wa kule wana mila zao, hawajaelimika, hawataki kuja.

Basi, Dakta Senkondo na Mama Eliaika wakaitwa kwenye mafunzo ya uongozi, kama haya yenu. Mwalimu wao hakuwa msemaji sana. Siku moja jioni akawaambia, "Kesho hakuna darasa. Kila mmoja aende kwa wale anaosema hawataki kuja kwake. Usiende na msafara. Usitoe ahadi, wala usijitetee. Uliza tu, mara ya mwisho ulipokuja kwetu, ilikuwaje? Ukishauliza, nyamaza."

Dakta akanyoosha mkono. "Mwalimu, shida yenyewe ni kwamba hawajawahi kuja."

"Basi watakwambia hivyo," mwalimu akajibu.

Wakaenda wawili hao kwa gari moja, wakashuka kwenye mashamba ya vitunguu. Chini ya banda la nyasi wakawakuta wanawake vibarua wanakata majani ya vitunguu na kujaza magunia. Wakaamkiana, wakapewa gunia tupu walikalie. Dakta hakujificha. Alisema, "Mimi ndiye mganga mkuu wa wilaya. Sikuja kutoa hotuba. Nimekuja kuuliza." Akauliza lile swali.

Visu vikaendelea kukata. Kisha mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni, jina lake Nakijwa, akasema bila kuinua macho, "Mdogo wangu alikuja. Nilimsindikiza mwenyewe. Nesi akatuuliza, mume yuko wapi? Tukamwambia yuko machimboni, tangu aende hajaleta hata salamu. Akasema turudi tukamlete."

"Mkafanyaje, dada?" Mama Eliaika akauliza.

"Tukaazima mume."

Wanawake wengine wakacheka chinichini. Nakijwa akaendelea, "Kuna kijana wa bodaboda hapa, wengi tunamtumia yeye. Kumbe siku chache nyuma alishakuwa mume wa mwingine, na nesi akamkumbuka. Akamwuliza mbele ya watu waliokaa kwenye benchi, 'Baba, wewe una wake wangapi?' Benchi zima likacheka. Mdogo wangu akajifunika kanga usoni, tukatoka."

Naona na ninyi mnacheka. Hata Dakta alitabasamu. Lakini Nakijwa alikuwa hajamaliza.

"Nilimwambia turudi tena, akakataa. Akasema ni afadhali afe kuliko kuchekwa vile. Ni maneno tu, mtu husema. Uchungu ukamshikia nyumbani. Mtoto akatoka salama, ila damu ikakataa kukata. Huyu niliyembeba ndiye mtoto wake."

Dakta akafanya kile ambacho wakuu tunafanya. Akauliza, "Ni nesi gani huyo? Nitajie jina lake."

Kwa mara ya kwanza Nakijwa akainua macho. "Yule nesi si mtu mbaya, Dakta. Alitufuata mpaka nje. Alituambia, 'Dada zangu, ingekuwa mimi ningewapokea. Hii ni amri ya mganga mkuu.'"

Dakta akafungua mdomo aeleze. Alikuwa na maelezo mazuri, ya kweli kabisa, kuhusu akina baba na dalili za hatari. Mama Eliaika akamgusa mkono. "Tumekatazwa kujitetea," akamwambia kwa sauti ndogo. Dakta akaufunga mdomo.

Njiani, walipoanza kupanda mlima, Mama Eliaika akasema, "Mlango aliorudishiwa mdogo wake Nakijwa una bango langu." Dakta alikuwa anawaza zile taarifa zake nzuri. Kila mama aliyeandikishwa amekuja na mumewe. Ndiyo, maana asiye na mume hakuandikishwa. Mnaona, ndugu? Taarifa haikuwa na uongo hata neno moja. Ila ilihesabu waliopita mlangoni tu, na mkuu akaisoma akadhani ameona wilaya nzima.

Sasa, mfano huu ungeweza kuishia hapo. Dakta aliumia, akaamua vizuri. Aliporudi kazini aliwaita waganga wafawidhi, yaani wasimamizi wa zahanati zote, akawaambia amri ile imefutwa, mwanamke apokelewe vile alivyokuja. Mama Eliaika akashusha mabango. Je, si ndiyo toba hiyo? Mtu amekosa, ameambiwa, amerekebisha. Tungemtakia nini zaidi?

Masika ikapita. Watu wa tambarare hawakuja.

Dakta akaanza kukasirika, hasira ya mtu aliyetenda wema akakosa shukrani. Yale maneno ya zamani yakamrudia mdomoni, kwamba watu wa kule wana mila zao. Mama Eliaika ndiye aliyemwambia, "Twende tukamwulize tena." Wakaenda, wakamkuta Nakijwa kwenye mfereji anafua.

"Dada Nakijwa," Dakta akasema, "ile amri niliiondoa. Mbona hamji?"

"Uliiondoa?"

"Zamani. Niliwaambia waganga wafawidhi wote."

"Mimi si mganga," akajibu Nakijwa, akakamua nguo. "Dakta, amri yako ilipokuja huku ililetwa na gari la matangazo, siku ya gulio. Kila mtu aliisikia, mpaka wanaouza mbuzi. Kuondolewa kwake ulimwambia nani?"

Dakta akatazama maji.

"Gulio ni Alhamisi," Nakijwa akasema, akainama tena kwenye beseni.

Mnajua safari ya kurudi ilikuwaje. Kutoa amri kwa kipaza sauti ni rahisi. Kuifuta kwa kipaza sauti hicho hicho ni jambo jingine. Wakubwa wake watasikia. Waliokuja kuiga wilaya yake watasikia. Akamwendea rafiki yake mmoja ofisini, mtu mwenye uzoefu, akamweleza. Rafiki akamshauri vizuri sana: "Nenda, lakini usiseme ulikosea. Sema tumeboresha utaratibu."

Tumeboresha utaratibu. Nadhani hapa kuna ambao wameyaandika maneno hayo mwezi huu.

Alhamisi akaenda. Akasimama kwenye gari la matangazo katikati ya gulio, Mama Eliaika upande mmoja na nesi wa zahanati ile iliyomrudisha mdogo wake Nakijwa upande mwingine. Akashika kipaza sauti, akasema, "Wananchi, nawataarifu kwamba tumeboresha utaratibu wa kliniki." Hakuna aliyegeuka. Watu wakaendelea kupima mahindi. Mwenye nyanya akaendelea kupanga nyanya. Dakta akatazama huku na huku, akamwona Nakijwa amesimama kando ya magunia, mtoto yuko mgongoni, anamtazama tu. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anasubiri, kama watu wanavyosubiri kwenye benchi la zahanati.

Dakta akashusha kipaza sauti. Akakipandisha tena.

"Ndugu zangu," akasema, "ile amri ya kuja na mume niliitoa mimi. Nesi huyu hakuitoa. Mimi. Nilidhani naleta jema, wala sikuja kuwauliza. Kuna wanawake wa hapa waliorudishwa mlangoni kwa neno langu, na wapo ambao leo wangekuwa hai. Nilikosea. Naomba mnisamehe. Mwanamke akija na mume apokelewe, akija na dada yake apokelewe, na akija peke yake apokelewe."

Gulio likanyamaza. Mbuzi tu ndio waliosikika. Hakuna aliyepiga makofi, na kwa nini wapige? Bibi mmoja mwenye kikapu cha mayai akasogea karibu na gari, akauliza, "Na huyo nesi anajua, au tutafika aseme hajaambiwa?"

"Ninajua, bibi," nesi akasema. "Mje."

Basi. Siku ya kliniki iliyofuata wakaja. Hawakuwa wengi. Mmoja mmoja, wakitazama mlango kwanza kabla ya kuukaribia. Dakta alikuwepo, amevua koti. Akamwona Nakijwa akija na binti mwenye mimba kubwa, jirani yake, amemshika mkono. Akatoka nje kuwapokea. Moyo wake ulikuwa umelegea, akasema neno lililokuwa limemkaa kifuani tangu Alhamisi ile.

"Dada Nakijwa, umenisamehe?"

Nakijwa akamsogeza binti mbele.

"Hilo bado," akasema. "Lakini huyu miguu imevimba tangu juzi. Mpime."

Na Dakta akampima.

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu sisi tungependa mfano uishe vingine. Tungependa Nakijwa alie, Dakta alie, washikane mikono. Kwa nini tunapenda hivyo? Kwa sababu tunaomba radhi ili sisi tupate nafuu. Tunataka tuliyemwumiza atutibu. Yule mama alikuwa na mdogo wake kaburini, na bado akatembea mpaka mlango ule ule, akaleta mtu. Nani kati yetu angeuendea mlango huo tena? Hakuwa anamdai Dakta machozi. Alitaka binti yule apimwe.

Na tusiseme haya ni ya idara ya afya peke yake. Hata sisi wa kanisani tuna amri zetu njema. Binti akizaa kabla ya ndoa tunamweka benchi la nyuma, tunamtangaza mbele ya watu, kisha siku tukiona tumekosea, mzee mmoja anamnong'oneza nje ya geti, "Siku hizi unaweza kukaa mbele." Hajaja. Tunashangaa hajaja. Aibu tulimvisha mbele ya watu, heshima yake tunataka kumrudishia nyuma ya ukuta?

Sisi tuliopewa kuongoza, tukikosea, anayeumia mara nyingi hayupo kwenye mkutano wetu wala kwenye taarifa zetu. Tutamjuaje? Hatutamjua tukiwa tumekaa. Inabidi tuende alipo, tukae kwenye gunia lake, na tukishasikia tusikimbilie kutafuta jina la nesi. Kisha kosa tulilolitangaza, tulifute kwa sauti ile ile, mbele ya watu wale wale, bila kulivika maneno ya ofisini. Uso utawaka kwa aibu, najua. Mungu hajawahi kumkataa mtu mwenye uso wa namna hiyo.

Leo mchana mtapewa vyeti, na mnavistahili. Kesho kutwa mtakuwa kazini, na mlangoni atafika mtu ambaye zamani tulimrudisha. Huenda asitusalimie vizuri. Huenda tukimwomba msamaha akasema bado. Haki hiyo ni yake. Tusimnyang'anye na hiyo pia. Sisi tusogee, apite, tumhudumie yule aliyekuja naye.

Mungu atupe moyo huo. Amina.