Jiwe la Saba

Anayengoja mno huumia, na mara nyingi huwaumiza pia waliomwamini. Ndivyo yalivyomfika mwanajiolojia mmoja, bingwa wa kazi yake, ila woga wa kukosea ulikuwa umemkaa rohoni kama kupe.

Kazi yake ilikuwa kujua umri wa maporomoko ya kale. Jiwe likivunjika mlimani na kulala wazi, miale ya angani hulitia alama usoni mwaka hadi mwaka, na maabara huzisoma. Basi akabandua kwa patasi nyuso za mawe saba chini ya genge refu la mwamba. Matatu yalisema miaka elfu moja na mia nane. Matatu yalisema mia tisa. Lo, hapo hata kipofu angeona! Tetemeko kubwa huliangusha genge lile kila baada ya miaka mia tisa, na zamu ilikuwa imewadia. Lakini jiwe la saba lilionekana changa mno, kana kwamba lilianguka juzi.

Chini ya genge hilo aliishi kaka yake, seremala, pamoja na mkewe. Kaka alizoea kumtania kwamba mawe hayana cheti cha kuzaliwa. Safari hii hakutania.

"Dada, niambie tu. Nihame au nisihame?"

Jibu alikuwa nalo. Akalimeza.

"Subiri kidogo, kaka. Kuna jiwe moja halijakubaliana na wenzake. Nisije nikakuhamisha bure."

Akalipeleka tena maabara, ripoti yake ya onyo ikalala mezani bila kutumwa, miezi minne ikayoyoma. Jumanne moja asubuhi ardhi ikatikisika na genge likashuka lote. Wifi yake alikuwa sokoni. Kaka alikuwa karakanani, na watu walichimba siku mbili kabla ya kumpata, maiti.

Msibani, jirani mmoja, dereva mstaafu wa tingatinga, alimsikia mwanajiolojia akililaani jiwe la saba. Akamweleza kwa upole kwamba alilipindua yeye mwenyewe walipokuwa wakichonga barabara, uso wa chini ukaja juu, na kijiji kizima kilijua. Kumbe angeuliza tu! Mwanajiolojia alitamani ardhi immeze.

Akamwendea wifi yake kuomba radhi. Wifi hakumpigia kelele.

"Tulikuwa tumeshafunga mizigo," alisema. "Akaniambia tungoje neno lako."

Ama kweli, ngojangoja huumiza matumbo.