Makuyu ya Ng'ambo ya Bonde

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Walio nyuma mmelala? Paukwa!"

"Pakawa!"

Hapo zamani za kale alikuwapo Bi Hondo, hondohondo jike, amefungiwa ndani ya tundu la mti. Msimsikitikie bado. Ndiyo desturi yao: jike akitaka kutaga huingia tunduni, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki upenyo wa kupitisha mdomo. Manyoya humnyonyoka, hawezi kuruka. Chakula chake na cha makinda huletwa na mumewe. Mume asiporudi, wote wamekwisha.

Chini ya mti, dimbwini, aliishi Shangazi Chura, mjuzi wa radi. Akilia kwaa mara moja: dhoruba zaweza kuja, chache. Kwaa, kwaa: zitakuwa nyingi, kaa karibu. Kwaa, kwaa, kwaa: ingia ndani na wanao, usitoke.

Siku moja Bi Hondo alitamani makuyu. Mkuyu uko ng'ambo ya bonde.

Kwaa!

"Mume wangu, Shangazi amelia."

"Mara moja tu, mke wangu. Hiyo ni mvua ya kulowesha mkia."

Bi Hondo alishaanza kuyaonja makuyu kwa mawazo. Hakumzuia. Puruu, mume akaenda.

Mchana ukageuka. Vuuu, upepo. Kra, kra, matawi. Radi ikapiga ng'ambo ya bonde.

"Shangazi, si ulilia mara moja?"

"Nilisema chache, mwanangu. Sikusema ndogo. Hiyo moja ikikukuta, imekukuta nzima."

Mvua ikakatika. Jua likachwa, likachomoza. Bi Hondo jicho upenyoni. Puruu! Si yeye, ni njiwa. Puruu! Si yeye, ni kunguru. Alimtamani mumewe hata akasahau njaa. Alitamani tu kusikia anavyokohoa akitua. Makinda wakalia, akawafunika kwa mbawa zisizo na manyoya.

Alasiri, kitu kikagonga udongo. Ko. Kikakohoa. Mdomo ukaingia upenyoni, mtupu, umepasuka ncha.

"Makuyu yalinidondoka," mume akasema. "Upepo umeninyofoa mkia. Nimekuja kwa kurukaruka, kichaka hadi kichaka."

"Sikutaka makuyu," akasema Bi Hondo. Akaushika mdomo ule kwa mdomo wake, hakuuachia.

Tangu siku hiyo, Chura akilia mara moja tu, mume huchuma kunazi za mti wa jirani. Ni chachu, zinakunja uso. Bi Hondo huzila zote.

Basi wanangu, nanyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: onyo dogo si ruhusa ya kwenda mbali. Hadithi yangu imeishia hapo, tunduni, na wenyewe wote wapo.