Hodi Tatu Mlangoni kwa Mwakalinga

Hii nimetumiwa na shemeji yangu, na nadhani alinilenga mimi. Nami nawatumia ninyi, kila mtu ajitafute humo.

Mwakalinga alikuwa fundi wa kompyuta katika chuo kimoja cha ualimu. Kwa miaka tisa mtambo wa barua pepe wa chuo ulikuwa mikononi mwake, na kwa miaka tisa walimu walilalamikia barua taka: bahati nasibu wasizocheza, dawa za kuotesha nywele, urithi wa marehemu wasiowajua.

Kisha akaajiriwa binti mmoja, Sikudhani, awe msaidizi wake. Hakumaliza hata mwezi, barua taka zikapungua mno. Mkuu wa chuo alimwuliza siri yake mbele ya walimu wote.

"Barua ya mtu tusiyemjua naiambia isubiri nje, ipige hodi tena baadaye," alisema Sikudhani. "Mtumaji wa kweli hurudi, nami namfungulia. Tapeli ana milango mingi ya kugonga, harudi."

Walimu wakampigia makofi. Mwakalinga naye alipiga, lakini roho ilimuuma. Miaka tisa hakuwahi kupigiwa makofi, na huyu wa juzi tu tayari mboni ya jicho la chuo! Tangu siku hiyo akawa anaangalia nani kamsalimia Sikudhani kabla yake. Chai ya saa nne ikawa haimpiti kooni.

Kikao kilichofuata alisimama akasema kwamba bado zinapenya barua taka tano sita kwa wiki, na kwamba yeye angezimaliza kabisa. Akaruhusiwa. Akauamuru mtambo utupe kimyakimya kila barua ya mtu ambaye hajawahi kuandikiana na chuo. Barua taka zikaisha. Makofi yakawa yake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikula akashiba.

Sikudhani alimfuata ofisini. "Kaka, waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakukosea. Mgeni mwema ataingilia wapi?"

"Huo ni wivu, dada," alimjibu.

Baada ya wiki sita Mkuu alimwita. Alimweleza kwamba taasisi moja ya Mombasa imepiga simu kuuliza kwa nini amewadharau. Walimwandikia kumpa nafasi ya masomo ya mwaka mzima, ile aliyoililia tangu ujana wake. Hakujibu, na sasa wamempa mtu mwingine.

"Lakini mimi sikuomba," alisema Mwakalinga.

"Sikudhani ndiye aliyewapa jina lako kwa simu, kabla ya kile kikao chako. Walitaka fundi mmoja tu kutoka hapa. Alisema yupo aliyemtangulia."

Mwakalinga alirudi kwenye mtambo, akafungua orodha ya barua zilizotupwa. Akaikuta ile anwani ya Mombasa. Ilikuja Jumatatu, ikaja Alhamisi, ikaja tena wiki iliyofuata. Basi. Kwetu mgeni hupiga hodi mara tatu, akinyamaziwa huenda zake.

Sikudhani alikuwa meza ya pili, akifanya kazi. Mwakalinga akamgeuzia kioo cha kompyuta aione ile orodha.

Funzo: Mlango uliofungwa kwa wivu hauchagui mgeni, humfukuza hata aliyekuja kwa ajili yako.